Ukuta Uliopinda Chumbani kwa Mama

Mimi ni fundi mwashi, na tangu ujana wangu sijapenda mtu asimame nyuma yangu na kuniambia tofali hili weka hivi, lile weka vile. Wanaonifahamu hapa Lushoto wanalijua hilo. Mteja akianza kunifundisha kazi namkabidhi mwiko, najikalisha pembeni na kumwambia, "Endelea bosi, mimi naangalia." Huwa hamalizi hata dakika tano. Nayasema haya mapema ili nikisema kwamba ukuta ninaojivunia kuliko zote umepinda vidole viwili, na kwamba sikuujenga mimi, mtu asidhani najinyenyekeza. Sina tabia hiyo. Najivunia kwelikweli.

Ukuta wenyewe uko nyumbani kwangu, kati ya jiko na chumba cha mama.

Mama alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilifika gulioni Soni, vilifika Bumbuli, na hadi leo nikienda kujenga huko ndani nakuta mwanamke anachemsha maharage kwenye chungu, nakigeuza kidogo, naona alama ya kidole gumba chini ya ukingo, najua huyu ni mama. Aliacha kazi magoti yalipokataa kupanda na kushuka bonde. Baada ya baba kufariki alibaki peke yake kwenye nyumba yao ya udongo, ng'ambo ya bonde letu, akikaa kutwa jikoni kwenye mafiga matatu. Moshi ulikuwa umelipaka lile paa rangi nyeusi ya kung'aa. Kifua kikaanza. Kwanza kikohozi cha asubuhi, baadaye cha kutwa, mwisho akawa anapumzika mara tatu kati ya mlango na bomba la maji. Daktari alimsikiliza mgongo, akanitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Akasema mama huyu akiendelea kukaa kwenye moshi hatufiki mbali.

Basi nikamjengea chumba kwangu. Na nilijenga! Matofali ya kuchoma niliyoyachagua mwenyewe moja moja, dari la jipsamu, sakafu ya marumaru, dirisha la alumini lenye mpira pembeni likifungwa unasikia "twap". Nilijisifu kijiwe kizima kwamba katika chumba cha mama yangu hata upepo hauna pa kupitia. Mafundi wenzangu walikuja kukiona, wakagongagonga kuta, wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Mgosi, hapa umemaliza." Nikakubali kwamba nimemaliza.

Mama alikaa humo wiki mbili akaanza kuganda.

Watu wa pwani huwa hawaamini tukiwaambia habari ya baridi ya Usambara. Wanajua Tanga ni joto, basi wanadhani Tanga yote ni joto. Waje mwezi wa sita, waone ukungu unavyoingia saa tisa alasiri na kukaa sebuleni kama mgeni aliyekuja kudai mahari. Marumaru zangu zilikuwa baridi ya kuuma nyayo. Mama alivaa sweta mbili, soksi, kofia ya sufu, akajitanda blanketi juu ya kanga, na bado vidole vyake nikivishika vilikuwa kama karoti zilizong'olewa alfajiri. Hakulalamika kwa sauti. Alisema tu, "Nyumba yako nzuri, mwanangu." Halafu kila asubuhi, mke wangu akishaenda shamba, alichukua fimbo yake akavuka bonde polepole, akipumzika kila baada ya hatua chache, kwenda kuota moto kwenye mafiga yake. Jioni alirudi anakohoa.

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake, kwamba nimetumia nguvu zangu zote na yeye anarudi kuvuta moshi kama mtu asiye na mwana. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nguvu zako nimeziona. Joto ndilo sijaliona. Baridi hii nitaimalizia kule kwangu." Mke wangu akanivuta shati. Nilijua, na mke wangu alijua, kwamba akihamia kule kwa msimu mzima wa baridi, tutamfuata na sanda.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana bila hilo nitakuwa nasimulia uongo.

Ili asiondoke nilimletea jiko la mkaa chumbani. Nilifanya kama tunavyofanya wote huku milimani: unaliwasha nje, unalipepea mpaka moshi wote uishe, mkaa ukishaiva na kuwa mwekundu mtupu unaliingiza ndani. Tumelelewa hivyo. Mkaa mwekundu hauna moshi, na kisicho na moshi hakina dhara, ndivyo walivyosema bibi zetu, na bibi zetu waliishi wakazeeka. Sikujiuliza waliishi kwenye nyumba za namna gani. Nyumba zao za udongo na nyasi zilipitisha upepo kila upande, hata ukichungulia ukutani ulimwona jirani anapita. Chumba cha mama mimi nilikuwa nimekiziba kama chupa ya dawa.

Ilikuwa alasiri, manyunyu yanadondoka tangu asubuhi. Mama aliota moto wake, akasikia raha, akalifunga lile dirisha langu la "twap" ili raha isitoke. Mke wangu alirudi kutoka shamba na tenga la kabichi, akapiga hodi, "Mama, nimerudi." Akapiga tena. Alipofungua mlango alimkuta mama ameegemea kitanda, macho wazi, anaongea polepole kama mlevi, anasema kichwa kinapasuka. Mke wangu hakusubiri kufikiri. Alimshika kwapani akamburuta hadi barazani, kwenye manyunyu, na hapo mama akatapika. Mimi nilikuwa saiti upande wa Irente. Nilipopigiwa simu nilimwacha mteja kwenye ngazi na kudandia bodaboda bila kuvaa viatu vyangu vya kawaida. Nilifika hospitali na gambuti zenye saruji mbichi.

Walimwekea hewa ya oksijeni, akarudiwa na nguvu. Daktari kijana akanieleza kwamba mkaa ukiwaka hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, uwe mweusi au mwekundu, na kwamba chumba kikiwa kimefungwa hiyo sumu inakaa humohumo na mwenye chumba. Akaniuliza, "Nyumba imejengwa na nani?" Nikasema mimi. Akasema, "Umeiziba vizuri." Hakuwa na nia ya kunidhihaki, lakini katika maisha yangu yote ya ufundi sijawahi kuona aibu kwa kusifiwa kazi kama siku ile. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya mti nikalia.

Mama aliporuhusiwa alikaa barazani, hakuingia chumbani. Nikampigia magoti. Nikamwambia anipe nafasi moja. Akasema, "Huu ni mwezi wa tano. Baridi yenyewe bado. Ikifika ile ya mwezi wa saba na chumba hiki bado kinaganda, utanirudisha wewe mwenyewe kwa mikono yako, na hutanigombeza tena." Tukakubaliana hivyo, nami nikijua neno lake halirudi nyuma.

Nikaanza kutafuta joto.

Mdogo wangu anafanya kazi Dar es Salaam. Nilipomweleza akanunua hita ya umeme, akaipakia kwenye basi, nami nikashuka hadi Mombo kuipokea. Wanaoijua Mombo watacheka wenyewe. Nimesimama stendi, jua la saa saba linachemsha lami, jasho linanitiririka hadi kiunoni, na mikononi nimekumbatia boksi lenye picha ya moto. Mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa akaitazama picha ile, akauliza, "Baba, hiyo ni nini?" Nikamwambia ni ya kuleta joto nyumbani. Akawaita wenzake. "Jamani njooni muone Msambaa amenunua joto! Baba, mrudishie mwenyewe, mlete mama hapa Mombo, sisi joto tunagawa bure." Nilipanda gari la kurudi milimani na kicheko chao mgongoni.

Hita ilidumu siku tatu. Siku ya kwanza mama alisema inachoma muundi huku mgongo unalia. Siku ya pili umeme ulikatika kuanzia asubuhi, ikawa pambo. Siku ya tatu nilinusa plastiki, nikakuta soketi imekuwa kahawia na plagi imelainika. Nikamwita fundi umeme. Akaivuta waya, akanionyesha, akasema hii ni waya ya taa na ya kuchajia simu, wewe umeitwisha mzigo wa lori. Wakati bado tunaongea, mama akaingia na kanga yake mbichi akaianika juu ya ile hita kama anavyoanika kwenye kamba. Alikuwa ameshafanya hivyo siku zote tatu. Nilichomoa plagi papo hapo, na hita ile hadi leo iko kwenye boksi lake, juu ya kabati.

Mtu mwingine akanishauri hita ya gesi. Nikamuuliza, moto huo ukiwaka chumbani unakula hewa ya nani? Mimi tangu hospitali nilikuwa sitaki tena kusikia habari ya kitu chochote kinachowaka katika chumba anacholala mtu.

Nikafikiria dohani, kama zile za nyumba za mawe za zamani. Nimekarabati dohani nyingi hapa mjini. Lakini ndiyo maana nazijua tabia zake. Nimewahi kupanda juu ya bati wakati moto unawaka chini, nikaweka mkono mdomoni mwa dohani, nikautoa upesi. Joto lote lilikuwa pale juu. Unachoma gogo zima kuwapasha ndege.

Jibu nililipata kwenye tanuri la matofali, na sikulitafuta. Nilikwenda kupakua matofali siku ya tatu baada ya moto kuzimwa. Ukungu ulikuwa umeshuka, kila kitu kimelowa, na juu ya tanuri alilala mbwa wa jirani, amejikunja, amekauka kabisa, anakoroma. Nikaweka kiganja kwenye matofali. Moto ulikuwa umekwisha siku tatu, na matofali bado yalikuwa na joto la chai ya kunyweka. Nikageuka nikayaegemea kwa mgongo. Nilikaa pale hadi wapakiaji wakaniuliza kama naumwa. Miaka yote hii nafanya kazi na matofali, nayapanga, nayauza, nayasifia, na mbwa ndiye aliyejua yanafaa nini.

Nilichora mchoro juu ya mfuko wa saruji. Ukuta kati ya jiko na chumba cha mama nitauvunja, nitajenga mwingine mnene, wa matofali matupu. Mdomo wa moto utakuwa upande wa jikoni, mke wangu apikie hapohapo. Moshi hautapanda moja kwa moja. Utapita ndani ya ukuta, upande, ushuke, upande tena, uachie joto lake lote kwenye matofali, ndipo utokee kwenye dohani juu ya bati. Upande wa mama hakutakuwa na moto wala moshi wala waya. Kutakuwa na ukuta tu, wenye uvuguvugu. Na kwa mkono wangu nilitoboa matundu mawili ya hewa chumbani kwake, moja chini, moja juu, mahali nilipokuwa nimejisifu kwamba upepo haupiti. Iliniuma kama kung'oa jino, lakini nilitoboa.

Nilijenga kwa siku nne. Sikubania saruji. Nikamaliza, nikapima kwa timazi, ule uzi wenye uzito, ukuta umesimama kama askari kwenye gwaride. Tukawasha moto. Siku ya pili asubuhi mama akaniita, akanyoosha fimbo. Jua lilikuwa linaingia dirishani, na katika mwanga ule niliuona uzi wa moshi unatoka kati ya tofali na tofali.

Saruji ilikuwa imepasuka. Nikakwangua, nikajaza upya, nikaongeza saruji. Ikapasuka. Nikabadilisha mchanga. Ikapasuka tena, safari hii hadi juu. Nikaulaumu mchanga wa mto, nikawalaumu wachoma matofali, mwisho nikamlaumu mke wangu kwamba anaweka kuni kubwa mno. Akaniambia bila hata kugeuka kutoka kwenye sufuria, "Baba watoto, kuni hazijajenga ukuta." Mwezi wa sita ulikuwa umefika katikati. Mama alikuwa ameanza kukunja nguo zake moja moja na kuziweka kwenye begi, na kila nguo aliyoikunja niliiona.

Jumamosi moja nilikuwa nimepiga magoti mbele ya ufa wa nne, mwiko mkononi, nikitukana kimoyomoyo. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma yangu. Nimeshasema sipendi mtu nyuma yangu.

"Mwanangu," akasema, "umewahi kuona chungu cha saruji?"

Nikamwambia mama, niache nifanye kazi.

"Nakuuliza. Umewahi kukiona?"

"Sijawahi."

"Kwa nini?"

Akajijibu mwenyewe, "Kwa sababu kingepasuka. Saruji haijui moto, inajua mvua. Kila kitu cha moto mimi nimekifanya kwa udongo, na udongo mtupu pia unapasuka. Unaupa vigae vya chungu cha zamani, ukavitwanga, ukavichanganya. Kile kigae kimeshaingia motoni, hakiogopi tena, kinamshika mwenzake. Umekulia mgongoni mwangu hujaliona hilo?"

Sikuliona, na haikuwa rahisi kuliona. Kwetu udongo wa vyungu ni wa wanawake. Mwanamume hakanyagi machimboni, hashiki udongo ule kabla haujaiva, hata karibu na pale wanapochomea hapiti. Nilipokuwa mdogo nilijua njia ya machimbo kwa sababu ndiyo tuliyofundishwa kuizunguka. Mwanamume akisogea, vyungu vinapasuka. Siwezi kusema naliamini jambo hilo. Siwezi kusema pia kwamba ningethubutu kulijaribu mbele ya mama.

"Basi niambie nichanganye vipi," nikasema.

"Wewe huchanganyi kitu. Wewe unabomoa. Ukimaliza kubomoa unatoka nje."

"Mama, hii ni saiti yangu."

"Toka nje ya saiti yako."

Nilibomoa. Siku mbili nilikaa uani nikichonga saruji kwenye kila tofali hadi likawa safi, na mafundi wenzangu waliopita barabarani walinipa pole kama nimefiwa. Mke wangu na shoga yake mama, mfinyanzi mwenzake wa siku zote, walishuka bondeni wakarudi na udongo vichwani, umefunikwa kwa majani ya mgomba. Nikawasalimia kwa mbali, "Shikamoo mama," yule mzee akaitikia, "Marahaba, pita kule," bila kusimama.

Vigae havikutosha. Mama alikuwa na mtungi mmoja mkubwa wa maji, alioufinyanga kabla sijazaliwa, kazi yake ya mwisho iliyobaki mikononi mwake mwenyewe. Watu wa makumbusho waliwahi kuuomba akawakatalia. Nilikuwa nje, nasimulia nilichoambiwa na mke wangu: aliupapasa pande zote, akauambia, "Umenywesha watu wa kutosha," akaupiga mchi. Mlio wake niliusikia mwenyewe kule uani. Nilishuka bondeni kidogo nikakaa na kichwa mikononi, kwa sababu nilielewa sasa kwamba na yeye hataki kuondoka.

Walijenga siku tano. Mimi nilisimama nje ya dirisha la chumba, kwenye ukungu, fundi wa miaka ishirini na zaidi, nikipiga kelele kupitia wavu wa mbu.

"Pima maji inasemaje?"

Mke wangu anajibu, "Kiputo kimekimbilia kushoto."

"Kirudisheni katikati!"

Na mama, "Kiache kikimbie. Kimekukosea nini?"

"Mama, ukuta utapinda!"

"Wewe umepinda miguu tangu utotoni na unatembea."

Shoga yake akacheka hadi akakaa chini. Nami nilicheka, ingawa nilikuwa nimekasirika. Nilisogeza uso karibu na wavu nikamtazama. Alikuwa kwenye kigoda chake, mikono imezama udongoni hadi viwikoni. Aliuchukua udongo, akauviringa, akauweka juu ya tofali, akausawazisha kwa kidole gumba, akapokea tofali jingine kwa mke wangu, akalikandamiza na kulitikisa mara moja tu. Hakurudia. Fundi anayejua kazi harudii. Ndani ya zile njia za moshi alipaka udongo kwa kiganja, polepole, kama anavyopaka mama mafuta mgongoni kwa mtoto. Kwa miezi mingi nilikuwa nimemwangalia yule mama kama mgonjwa ninayepaswa kumtafutia joto, nikasahau kabisa kwamba nyumba zote za huku zimekula kutoka mikononi mwake. Nilitaka kumwita kila mtu barabarani aje achungulie.

Walipomaliza aliukataza moto mkubwa. Wiki ya kwanza ukuta ulikauka kwa hewa. Wiki ya pili magunzi ya mahindi matatu manne asubuhi, basi. Niliposema tuharakishe, aliniuliza kama mtoto mchanga naye huwa namlisha bada ya muhogo. Mwezi wa saba ulishaingia. Begi lake bado lilikuwa juu ya kiti, na mimi nilikuwa nalitazama begi kuliko nilivyoutazama ukuta.

Siku ulipoiva nikaruhusiwa kuingia. Kitu cha kwanza nilitoa timazi mfukoni, nikaishikiza juu, nikaangalia uzi. Vidole viwili, umeinamia chumbani. Nikafungua mdomo. Mama alikuwa ananitazama. Nikafunga mdomo, nikarudisha timazi mfukoni.

Kisha nikaujaribu kwa namna yangu, kwa sababu ya ile alasiri ya jiko la mkaa. Nilijaza majani mabichi kwenye moto hadi moshi ukawa mzito, nikaufunga mlango wa jiko, nikaingia chumbani na tochi. Nilikagua kiungo kimoja kimoja, toka sakafuni hadi darini, pua ikigusa udongo. Hapakuwa na uzi wala harufu. Nje dohani ilikuwa inafuka kiasi kwamba jirani alikuja mbio na ndoo ya maji akidhani tunaungua. Nilimkumbatia na ndoo yake.

Baridi ya mwezi wa saba ilikuja kama kawaida yake, ikakaa siku kumi bila kuonyesha jua. Mke wangu anawasha asubuhi anapopika uji, na tena jioni anapopika chakula, kwa matawi makavu ya mgrivea tunayopunguza wenyewe mpakani mwa shamba. Hakuna kuni za ziada za kupasha nyumba. Ni moto uleule wa ugali. Ukuta unashika joto hadi alfajiri, na mama anapoamka kuswali anakuta ndoo yake ya maji ya udhu, aliyoiegemeza pale, ina uvuguvugu. Kikohozi hakikuisha, nisidanganye mtu. Lakini anakwenda bombani na kurudi bila kupumzika, na fimbo ameisahau nyuma ya mlango.

Watu wanakuja kuuona. Nawaeleza kila kitu kwa kirefu, sina uchoyo: moto ukae upande ambao halali mtu, moshi uwe na njia yake hadi juu ya bati, masizi yasafishwe, matundu ya hewa yasizibwe hata baridi ikiuma vipi, na mtu asiniambie tena habari ya mkaa mwekundu. Wakiuliza nani alijenga, nawaambia mama yangu. Wengine wanadhani natania. Nawaonyesha alama ya kidole gumba kwenye kila kiungo.

Katikati ya baridi ileile, shoga yake alikuja kumtembelea. Mimi nilikuwa narudi na mzigo wa kuni, nikafika mlangoni nikawasikia wamekaa chini, migongo ukutani, wanakunywa chai. Nikasita. Kwa kweli nilisimama kusikiliza, maana nilisikia swali lenyewe nililokuwa naliogopa kuuliza.

"Dada," shoga yake alisema, "baridi hii ikipita utarudi kwako?"

"Kwangu wapi?" mama akajibu. "Kwangu si hapa? Huoni nimejenga?"

"Na mwanao je?"

"Mwanangu nakaa naye hapahapa kwangu. Hanisumbui. Ni fundi mzuri, mradi asimame nje."

Walicheka, wakagonga vikombe. Mimi niliziweka kuni chini, nikafuta macho kwa mkono wenye magome, nikapiga hodi na kusubiri nikaribishwe.